Tiketi Moja ya Chicago, na Simba wa Kwetu Tsavo

Niseme mapema ili asiyetaka hadithi ndefu ajiendee zake: ile tiketi ya pamoja ya kuzungukia Chicago, Marekani, waiitayo CityPASS, inamfaa mgeni mwenye siku nne au tano, mwenye miguu, na mwenye kijana wa kumshughulikia mambo ya simu. Kama una siku moja tu, au unaishi huko huko Illinois, usijisumbue. Wakazi wa jimbo hilo huwa na siku zao za kuingia bure kwenye makumbusho makubwa, wakionyesha kitambulisho. Binti yangu analijua hilo, kwa hiyo yeye hakununuliwa. Tulinunuliwa mimi na mjukuu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Miaka yangu mingi nimeimalizia stesheni ya Voi, nikiandika saa za gari kuingia na kutoka. Binti yangu ni nesi Chicago, na mwaka huu alinileta mwezi wa sita nimwone Wakio, ambaye ana miaka minane. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mama yake anamgombeza, mimi nikamwambia mwache.

Tiketi yenyewe iko hivi. Unalipa mara moja, unapata kuingia mahali patano. Pawili wamekupangia wenyewe, nyumba ya samaki ya Shedd na roshani ya juu ya jengo la Willis. Patatu unachagua mwenyewe kwenye orodha. Tangu siku unapoitumia mara ya kwanza una siku tisa mfululizo. Bei sitaiandika maana inapanda na kushuka, lakini mkwe wangu alikaa na kalamu akajumlisha viingilio kimoja kimoja, akaona ukifika mahali patatu umekaribia kurudisha pesa yako, na pa nne ni faida. Hesabu yake niliikubali. Alichosahau kuhesabu ni umri wangu.

Na haina karatasi. Mimi nimezoea tiketi ile ngumu ya reli, unaitoboa, unairudisha kwa mwenyewe, anaitia mfukoni. Hii ni alama ndani ya simu. Siku ya kwanza simu ilizimika tukiwa wa tatu kutoka mlangoni. Tukatoka kwenye foleni tukatafuta ukuta wenye umeme, mjukuu amenuna, nami najifanya naangalia ziwa. Tangu siku hiyo mkwe alituchapia kwenye karatasi, na karatasi ilikubaliwa bila maneno. Chapeni karatasi.

Jambo la pili la kujua: kulipa si kuingia. Sehemu nyingine lazima uweke nafasi, siku na saa, hata kama tiketi unayo. Ujumbe ulikuja, mkwe hakuusoma hadi mwisho. Ikabidi turudi Shedd siku ya pili yake, saa nne asubuhi, kama waliobadilishiwa gari.

Shedd ilifunguliwa mwaka 1930, na mimi samaki sikuwatilia maanani sana. Nyangumi weupe ni wazuri, fisi maji wanachekesha, Wakio alipiga kelele za kutosha watu wawili. Kilichonishika ni habari ya maji. Lile ziwa Michigan liko pale pale nje, kubwa kama bahari, lakini ni maji matamu, na samaki wa bahari huwezi kuwadanganya. Basi mwanzoni walichukua mabehewa 20 ya tangi, yakaenda Key West kule mwisho wa Florida na kurudi mara nane, mpaka wakaleta galoni milioni moja za maji ya chumvi. Bahari imesafirishwa kwa treni! Nilisimama nikafanya hesabu ya kichwa: mabehewa 160 yaliyojaa, breki zake, vilima vyake, na mtu mmoja mahali fulani anayeandika saa za kuingia na kutoka. Wakio alinivuta shati mara tatu.

Samaki mmoja sikumkuta. Kulikuwa na kamongo wa Australia waliyemwita Granddad, yaani Babu, aliyeletwa mwaka 1933 na kufa 2017. Miaka zaidi ya 80 ndani ya tangi, watu wakimpungia mkono. Mjukuu alipomaliza kunisomea habari zake alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jengo la Willis nalipita haraka. Ghorofa ya 103, mita 412 kutoka chini, na wametoa visanduku vya vioo nje ya ukuta ili usimame hewani. Foleni ndefu, kusimama kwenyewe dakika moja na nusu. Mimi ni Mtaita, nimezaliwa milimani. Kilele chetu cha Vuria kinapita mita 2,200 na hakina foleni. Lakini mpelekeni mtoto, atalisimulia mwaka mzima.

Makumbusho ya Sayansi na Viwanda yako mbali, kusini mwa jiji, yatengee siku yake. Watu hukimbilia manowari ya Wajerumani, U-505, iliyokamatwa na Wamarekani nje ya pwani ya Afrika Magharibi tarehe 4 Juni 1944. Ni kitu cha kuona kweli, kimelala ukumbini kama papa aliyevuliwa. Mimi lakini nilikwenda kwa ajili ya treni. Pale pana Pioneer Zephyr, ya chuma kinachong'aa kama sufuria mpya. Tarehe 26 Mei 1934 ilitoka Denver ikaja Chicago, kilomita zaidi ya 1,600, kwa saa 13 na dakika 5. Gari letu la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kilomita kama 530, lilikula saa hizo hizo siku likiwa na bahati. Na ndani ya ile Zephyr walimpakia punda! Kweli, punda mzima, jina lake Zeph, akasafiri na waandishi wa habari. Miaka yangu yote Voi nimepakia mbuzi na kuku, na ng'ombe wa watu wenye karatasi zisizosomeka, lakini punda mheshimiwa sijawahi.

Sasa Field.

Makumbusho ya Field yako jirani na Shedd, mwendo wa dakika chache kwa miguu, basi namba 146 linakushusha hapo. Wengi wataingia wakutane na dinosaria. Máximo ana urefu wa mita 37, na ghorofa ya juu yuko Sue waliyemnunua kwa zaidi ya dola milioni nane mwaka 1997. Ukumbini pia wapo ndovu wawili wanaopigana. Kibao chao kinasema wametoka Kenya, mwaka 1906, na mmoja alipigwa risasi na mwanamke, Delia Akeley. Mumewe Carl ndiye aliyewatengeneza, kwanza anaunda mwili kisha anavisha ngozi, ndiyo maana hawaonekani kama magunia. Nikaanza kuhisi nimekuja mbali kuangalia mali ya jirani.

Simba wako ghorofa hiyo hiyo ya kuingilia, upande wa wanyama wa Afrika. Ni wawili, madume, nyuma ya kioo.

Kwa asiyejua: mwaka 1898 reli ilipokuwa inajengwa kutoka Mombasa, kazi ilifika mto Tsavo, na ikabidi lijengwe daraja. Miezi tisa simba wawili waliingia kambini usiku na kuburura watu kutoka kwenye mahema, wakiruka boma la miiba kana kwamba ni kamba ya nguo. Makuli, vibarua wa reli walioletwa kutoka India, wakasema hawa si simba, ni mashetani, na mamia wakarukia gari la kurudi Mombasa. Mhandisi wa daraja, Patterson, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Ngozi akazifanya mazulia ya sakafuni karibu miaka 25, kisha mwaka 1924 akaiuzia Field kwa dola 5,000.

Nimelijua daraja hilo maisha yangu yote. Ukitoka Nairobi kushuka pwani unapita Mtito Andei, unavuka Tsavo, ndipo unafika Voi. Wazee wetu wa reli walikuwa wakitusimulia habari hizo zamu za usiku, taa ya mafuta mezani, na wewe mgeni wa kazi unatumwa ukaangalie pointi nje, pale reli zinapoachana. Kwa hiyo nilitegemea simba wakubwa kama ng'ombe. Nikawakuta wadogo, wamesinyaa kidogo, mmoja amelala, mwenzake amesimama anamtazama nani sijui. Ni kwa sababu ya mazulia: ngozi ilikuwa imekatwa kingo, fundi akalazimika kuunda mwili unaoenea ngozi iliyobaki. Alipouawa, yule wa kwanza alibebwa na watu wanane.

Manyoya shingoni hawana. Mama mmoja kando yetu alikuwa akimwambia mwanawe hawa ni majike. Nilivumilia, nikashindwa, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha reli kwamba madume mengi ya Tsavo ndivyo yalivyo, kwetu ni joto na miiba. Akauliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha kidole simba.

Nilikaa mbele ya kioo kile saa moja na robo. Nina saa ya mkononi, na mazoea ya kazi hayaishi. Wakio alikwenda kwa dinosaria na mama yake akarudi akanikuta hapo hapo. Kilichonikalisha ni hesabu ya watu. Patterson aliandika Wahindi 28 wameliwa, na Waafrika ambao hakuna aliyeweka idadi yao. Baadaye akataja 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na nywele za simba hawa, wakakadiria watu kama 35: mmoja alikula kama 24, mwenzake kama 11, na aliyekula wengi ndiye aliyekuwa na jino bovu la kumtesa. Mwaka 2024 wengine wakatoa vipande vya nywele kwenye meno yaliyovunjika, wakakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na mtu.

Mimi nimekuwa karani. Nilipopokea mzigo niliandika hata kuku aliyekufa njiani, kwa sababu mwenyewe atakuja kuuliza. Basi kambi ina daftari la mataruma, daftari la misumari, daftari la mchele, na hawa wetu waliotolewa mahemani usiku hawakupata hata mstari mmoja. Ikabidi miaka zaidi ya mia ipite watu waulize nywele za simba.

Je, warudishwe Kenya? Binti yangu anasema warudi. Mimi nasema warudi pia, ila si Nairobi. Wawekwe Voi, pale stesheni ya zamani, ambako tangu reli mpya ije mwaka 2017 pana nafasi ya kutosha.

Kwa sababu ya saa moja na robo hiyo, na magoti, mahali pa tano hatukufika. Mkwe aliumia kidogo moyoni. Hapo ndipo penye ila ya tiketi za namna hii: inakunong'oneza kila saa kwamba unapoteza pesa, hebu kimbia kwingine. Tuliwaona watu wanapita mbele ya simba, picha moja, wanauliza njia ya Sue. Ukiinunua, ichukulie kama umelipia mahali patatu, kwingine kote ni bakshishi.

Chakula cha ndani ya vivutio ni ghali kama cha uwanja wa ndege. Tulibeba chapati na mayai, tukala nje kwenye majani tukitazama ziwa, hakuna aliyetufukuza.

Na pahali Wakio alipopapenda kuliko pote hapamo kabisa kwenye tiketi. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park ni bure, imekuwapo tangu 1868, unaingia tu kama sokoni. Wana simba hai, dume lina manyoya ya kumwagika, mnene, hana shida ya meno. Mwaka 2022 alizaliwa hapo mtoto wa simba wakampa jina Pilipili. Nilikuwa namhadithia Wakio habari hiyo, na kijana mmoja aliyesimama karibu, mwenye kofia ya mpira, akaingilia kwa furaha kwamba yeye alikuja kumwona alipokuwa mdogo, akalitamka jina hilo kama dawa ya kikohozi, Pailipaili.

Wakio akamgeukia, mikono kiunoni.

“Si hivyo. Sema pi-li-pi-li.”

Akamrudisha mara nne.