Miaka miwili na injini ya dizeli ya S195 nyumbani: uzoefu wangu

Niliamua kununua injini hii mwishoni mwa mwaka 2022, asubuhi iliyofuata usiku ambao umeme ulikatika kwa saa kumi na moja huku mashine yangu ya kutotolesha ikiwa na mayai 528 yaliyofikisha siku ya kumi na tisa. Yai la kuku hukaa siku 21 katika joto la takriban nyuzi 37.7, na katika siku za mwisho kifaranga huhitaji pia hewa inayozungushwa na feni, kwa hiyo blanketi tulizofunika mashine zilisaidia kidogo sana. Tulipata vifaranga 96 tu. Hali hiyo ilitukuta Ifakara, mkoani Morogoro, ambako bwawa la Kidatu lenye megawati 204 na la Kihansi lenye megawati 180 si mbali nasi, katika miezi ambayo maji yalikuwa yamepungua mabwawani na nchi nzima ilikuwa kwenye mgao.

Kabla ya hapo nilikuwa na jenereta ndogo ya petroli, ya aina inayobebwa kwa mkono. Ilizunguka mizunguko 3,000 kwa dakika, ilipiga kelele usiku kucha, na haikumaliza msimu wa pili. Nilipokwenda kwa fundi kumwomba ushauri, alinionyesha injini iliyokuwa ikikoboa mpunga nyuma yake na kuniuliza kwa nini natafuta mbali kitu kilichoko mbele yangu. Ilikuwa S195, dizeli ya silinda moja iliyolazwa, inayopozwa kwa maji, yenye nguvu farasi 12 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika. Hutengenezwa na viwanda vingi vya China kwa ramani ileile, na kwa sababu mashine nyingi za kusaga na kukoboa huku kwetu zinaendeshwa nayo, ringi, nozeli (kinyunyizio cha dizeli ndani ya silinda), gasketi na vichujio vyake vinapatikana madukani mjini bila kuagiza. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Chombo cha dharura kinachosubiri kipuri kutoka Dar es Salaam kwa wiki mbili hakinisaidii.

Injini haitoi umeme yenyewe. Nilinunua kando jenereta ya aina ya ST ya kilowati 5, isiyo na injini yake, ambayo hutakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50 (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, sawa na ya gridi ya taifa), na zikaunganishwa kwa mikanda miwili. Wengi hufunga puli za ukubwa tofauti ili injini iende kwa kasi yake kamili. Mimi nilichagua puli zinazolingana, injini nayo ikazunguka mara 1,500 tu. Nguvu inapungua, lakini mzigo wa nyumba yangu hauvuki kilowati 3, na kelele pamoja na mtikisiko vilishuka kwa kiasi ambacho hata majirani walikitambua. Injini, jenereta, usafiri, zege na nyaya vilinigharimu takriban shilingi milioni 3.

Zege nimeitaja kwa makusudi. Mwezi wa kwanza niliifunga injini juu ya magogo, kwa haraka ya kuiona ikifanya kazi, na kila baada ya siku chache nilikuta boliti zimelegea na mkanda umehama kwenye mstari wake. Mkanda ukiteleza, volti hushuka, na pampu ya kisima inayojaribu kuanza kwa volti ndogo huunguruma bila kuzunguka hadi waya zake za ndani ziungue. Pampu yangu ya kwanza iliungua hivyo. Baada ya kumwaga msingi wa zege na kununua kipimo cha bei ndogo kinachoonyesha volti na hezi, tatizo hilo halijarudi. Injini ikiwa haina mzigo naiweka kwenye hezi 52, na pampu ikiingia hushuka karibu na 50.

Sasa nifike kwenye mafuta, jambo ambalo sikulielewa vizuri kabla ya kununua. Nilipima kwa chupa na saa: nikiibebesha kilowati 2 hivi, yaani pampu, friza na mashine ya kutotolesha kwa pamoja, inakula karibu lita 0.9 kwa saa, kwa hiyo lita moja inanipa uniti mbili na kidogo. Nikiiwasha kwa ajili ya mashine ya kutotolesha peke yake, ambayo haifiki wati 300, bado inakula karibu nusu lita kwa saa. Injini hutumia mafuta mengi kujizungusha yenyewe, uwe umeipa kazi au hujaipa. Dizeli ilipokuwa zaidi ya shilingi 3,000 kwa lita, uniti yangu moja ilizidi shilingi 1,300 hata katika hali nzuri, wakati uniti ya gridi kwa nyumba ya kawaida ilikuwa kama shilingi 350. Anayefikiria kujitenga na gridi kwa injini kama hii apige hesabu hiyo kwanza.

Ubaya wa kuiendesha bila mzigo wa kutosha haukomei kwenye gharama. Miezi ya mwanzo niliiacha iungurume usiku kucha kwa ajili ya taa na mayai, ikaanza kutoa moshi mweusi na matone meusi yenye mafuta kwenye mdomo wa ekzosi. Fundi alipofungua alikuta nozeli imeganda masizi, kwa sababu chumba cha mwako hakikuwa kinapata joto la kutosha kuunguza dizeli yote. Tangu hapo nimebadilisha utaratibu wote. Nimeweka betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) za kuendesha mashine ya kutotolesha na taa usiku, na injini naiwasha kwa saa mbili au tatu tu, nikiirundikia kazi zote kwa wakati mmoja: kujaza tangi la maji, kugandisha friza, kuchaji betri. Moshi ulisafika ndani ya wiki. Kama ningeanza upya, ningenunua betri hizo pamoja na injini siku ileile.

Oili ya kwanza niliimwaga baada ya saa 50, nami nasisitiza mtu asingoje zaidi ya hapo, kwani ile yangu ilitoka na chembe za chuma zinazong'aa. Sasa naibadilisha kila saa 100. Kwenye daftari nina saa 640, na zaidi ya nozeli na brashi za jenereta sijabadilisha kitu kikubwa. Maji ya kupozea yaliyo kwenye tangi la juu ya injini huchemka na kutoa mvuke, na hiyo ni kawaida kwa injini hii. Kinachotakiwa ni kuyaongeza kabla hayajapungua sana. Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia kwenye bomba na injini haiwaki mpaka uitoe hewa hiyo kwa kulegeza nati kwenye pampu, kazi ambayo kila mwenye injini anapaswa kufundishwa siku ya kwanza.

Mwaka 2023 mafuta yalipoadimika katika maeneo kadhaa ya nchi, niliona wazi kwamba nilikuwa nimehamisha wasiwasi kutoka kwenye nguzo za umeme kwenda kwenye kituo cha mafuta. Tangu wakati huo naweka lita 60 kwenye madumu kivulini. Nayaacha yatulie siku mbili kabla ya kuyatumia na simimini kamwe kile kinachobaki chini, kwa kuwa maji na uchafu hukaa hapo na ndivyo huua pampu na nozeli. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha mwanzoni mwa mwaka 2024, katika mradi wa megawati 2,115, mgao ulipungua sana. Hata hivyo nguzo huanguka msimu wa masika bila kujali bwawa lina maji kiasi gani, na mwaka huo bado niliandika saa 140 kwenye daftari.

Naomba mambo mawili yasipuuzwe na yeyote. Banda la injini liwe mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, langu liko mita 12, kwa sababu moshi wake huua watu wakiwa usingizini kama jiko la mkaa lililofungiwa ndani. Na swichi ya kubadilishia umeme ni lazima: ukiingiza umeme wako kwenye nyumba ambayo haijatenganishwa na gridi, umeme huo utapita kwenye nyaya hadi nguzoni na kumkuta fundi anayeamini kwamba waya zimekufa.

Majuto yangu ni hendeli ya kuwashia injini kwa mkono. Kuiwasha kunahitaji nguvu na ujuzi wa kuachia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa wakati wake, na dole gumba likiwekwa upande usiofaa wa hendeli linaweza kuvunjika hendeli ikirudi nyuma. Mke wangu, ambaye ndiye anayewalea vifaranga, hawezi kuiwasha, na zipo S195 zenye stata (mota ya kuwashia kwa betri) ambazo ningezipata kwa kuongeza fedha kidogo. Kwa sasa, ninaposafiri, kijana wa jirani anayeendesha mashine ya kukoboa ndiye anayekuja kutuwashia, hata ikiwa ni saa nane za usiku.