TAHADHARI: Wanaouza kazi za meli za Antaktika, Unguja na Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwenye kijana anayetafuta kazi ya meli naomba amsomee hii. Kuna watu wanazunguka Mjini, na sasa wameshavuka Pemba, wanachukua pesa za vijana kwa ahadi ya kazi kwenye meli za watalii zinazokwenda Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, na Aktiki, ncha ya kaskazini, kule kwenye barafu. Kazi hizo hawana. Jina lao silitaji, kwani Mjini walijiita hivi na walipofika Wete wakajiita vyengine. Mbinu ndiyo ile ile, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue.

Wanawatafuta zaidi waliokwishafanya kazi za hoteli: wahudumu, wapishi, wasafisha vyumba wa Nungwi, Kendwa na Paje. Hawa kazi wanaijua, lugha ya wageni wanayo, na mshahara wa dola ukitajwa unawaingia. Kijana anapigiwa simu anaambiwa jina lake limepita, hata kama hakuomba popote. Anaitwa kwenye chumba cha ghorofani, ukutani picha za barafu na pengwini, anapewa barua yenye muhuri, kisha anatakiwa alipe awamu ya kwanza siku hiyo hiyo kwa sababu nafasi zinakaribia kufungwa. Pesa inarushwa kwa simu, na jina linalotokea ni la mtu binafsi. Risiti hakuna.

Mimi nimefanya kazi melini. Mtoto wa ndugu yangu aliniletea barua yake akaniambia, "Ami, hebu nitazamie, kesho natakiwa nimalizie awamu ya pili." Niliisoma mstari kwa mstari. Inasema aripoti kazini mwezi wa Julai. Bandari ya kupandia meli imeandikwa "Bandari ya Antaktika". Na kwenye orodha ya malipo, mstari wa tatu, kuna "viza ya Antaktika, dola 450".

Hakuna viza ya Antaktika. Bara lile halina serikali wala ubalozi. Linaendeshwa kwa Mkataba wa Antaktika uliotiwa saini mwaka 1959, na kampuni ya safari ndiyo inayoomba kibali kwa nchi mojawapo iliyomo katika mkataba huo. Meli nyingi za watalii huondokea Ushuaia, kusini kabisa ya Argentina, zikavuka Mlango wa Drake kwa muda wa kama siku mbili. Nyengine huondokea Chile. Kwa hiyo viza atakayohitaji kijana wetu ni ya nchi ya kupandia meli na za njiani, na hiyo nayo, kama nitakavyoeleza, halipi yeye.

Na Julai? Msimu wa watalii kule ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba mpaka Machi, yaani huku kwetu kaskazi inavuma. Julai ni katikati ya baridi yao: bahari imeganda, kiza kirefu, hakuna meli ya watalii inayokwenda. Wa Aktiki ndio kinyume chake. Kijana mwengine kaandikiwa aanze kazi Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norway, mwezi wa Disemba. Disemba kule jua halitoki kabisa. Meli za huko hufanya kazi zaidi wakati wa kiangazi chao, Mei hadi Septemba. Aliyeandika barua hizi hajui hata majira ya kazi anayoiuza.

Tazameni na picha. Wanawaonesha vijana jimeli la ghorofa nyingi, wanasema linachukua abiria 3,000 na kila siku wageni wanateremshwa kutembea na pengwini. Chama cha kampuni za utalii wa Antaktika, IAATO, kilichoundwa mwaka 1991, kina utaratibu unaojulikana: meli yenye abiria zaidi ya 500 haiteremshi mtu, na zinazoruhusiwa haziweki nchi kavu zaidi ya abiria 100 kwa wakati mmoja pahala pamoja. Ndiyo maana meli za safari hizi ni ndogo, nyingi hazifiki abiria 200. Meli ndogo haina wafanyakazi wengi. Anayekwambia ana nafasi mia za Wazanzibari peke yao anakudanganya.

Sasa suala la pesa, na hapa ndipo ninapotaka mtulie. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, na Tanzania imeuridhia. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anachoweza kujilipia baharia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati kama hiyo ya safari. Viza ni juu ya mwenye meli. Basi ukiambiwa ada ya usajili, ada ya kushughulikia faili, dhamana ya mkataba, ada ya kuharakisha, hata wakikupa jina zuri la namna gani, usitoe. Wakikuambia itakatwa kwenye mshahara wako wa mwanzo, pia ni kosa.

Mafunzo ni jambo jengine, na wanalitumia vibaya. Ni kweli baharia anahitaji mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, na watu hujilipia, kwa mfano katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Lakini pale unaingia majini na jaketi la kuokolea, unashika bomba la kuzimia moto, unafundishwa huduma ya kwanza. Hawa wanauza cheti kwa mchana mmoja, chumbani, juu ya kiti. Ukienda nacho melini hakikufai, na siku meli ikipata ajali kitakuua wewe na mwenzio. Wanauza pia "cheti cha maeneo ya barafu". Mafunzo ya maji ya ncha za dunia yapo kweli, yalikuja na kanuni za meli za huko zilizoanza kutumika Januari 2017, lakini yanatakiwa kwa manahodha na maofisa wa kuongoza meli. Mhudumu wa mezani hadaiwi cheti hicho.

Kilichoniuma zaidi ni Pemba. Bibi mmoja wa karibu na Wete kauza karafuu zote za msimu, zile alizokuwa azitengenezee paa, akampa mjukuu. Mjukuu kakabidhi pesa, kakabidhi na pasipoti. Pasipoti mpaka leo hajarudishiwa. Kila akipiga anaambiwa iko ubalozini. Ubalozi gani, hawamwambii. Jamani, mtu asikuzuilie pasipoti. Chukua nakala, mpe nakala.

Sisemi vijana wasiende baharini. Wazee wetu wengi wameisomesha familia kwa ubaharia, nami nimekula kwa kazi hiyo hiyo. Nasema ulizeni kabla. Orodha ya wanachama wa IAATO iko wazi kwenye intaneti, na kwa upande wa Aktiki kuna chama kama hicho, AECO, nacho kina orodha yake. Ila jina kuonekana humo halitoshi, kwa sababu matapeli wanaiba majina ya kampuni za kweli. Chukua anwani kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua, uwaandikie: je, mnamjua wakala huyu, na barua hii ni yenu? Hapa nyumbani, wakala wa ajira lazima awe na leseni, na Kamisheni ya Kazi ndiyo ya kuulizwa. Mambo ya mabaharia na vyeti vyao, nendeni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kuuliza hakulipishwi.

Waliokwishalipa, msifute meseji hata moja. Hifadhini namba, jina lililotokea wakati wa kutuma, tarehe na ile barua, mwende polisi, na kama wamekamata pasipoti mfike na Uhamiaji. Nendeni pamoja mkiweza, kwani anayekwenda peke yake huambiwa hili ni deni baina ya watu wawili tu. Najua kuna walioitwa tena wiki ijayo kumalizia awamu ya pili, Mjini na Chake Chake. Msitoe hata shilingi, na kwenye chumba kile msiende peke yenu.