Darubini ya joto ya kuwindia nguruwe pori Texas: hiyo namba ya kwenye boksi iache kwanza

Wakuu, hii naiandika kwa wale mlioko Texas na majimbo ya jirani mnaoanza kuwinda nguruwe pori usiku, maana swali la ninunue themo ipi (ndiyo hiyo darubini ya joto, inayoona joto la mnyama gizani) naulizwa sana, na naona watu wengi wakifika dukani wanaangalia kitu kimoja tu, ile namba ya mita iliyoandikwa kubwa kwenye boksi. Mita 900, mita 1200, mita 1800. Hiyo namba ndiyo inamtoa mtu hela nyingi kuliko alizopanga, na mimi nasema iangalie mwisho kabisa, ukishamaliza mengine yote.

Nazungumzia ile ya mkononi, ya jicho moja, unayoishika na kuzungusha shamba zima kuona kuna nini, siyo ile inayofungwa juu ya bunduki. Wapo wanaosema ukishakuwa na skopu ya joto juu ya bunduki, hiyo themo ya mkononi ya nini, mimi hapo sikubaliani kabisa, kwa sababu kutafuta wanyama kwa skopu maana yake unaelekeza mtutu huku na kule gizani wakati hujajua nyuma ya kichaka kuna ndama wa mwenye shamba au kuna mtu. Tafuta kwa mkono, tambua kwa mkono, bunduki inyanyuke baadaye.

Mimi natumia HIKMICRO Lynx Pro LH19, na mwenzangu ninayewinda naye ana Falcon FQ35 ya kampuni hiyohiyo, na tukiwa shambani tunapokezana, kwa hiyo nimezitazama zote mbili sehemu moja, usiku mmoja, wanyama walewale. Ya kwangu sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea joto na kulifanya picha, ni pikseli 384 kwa 288 na lenzi ya milimita 19. Ya mwenzangu ni 640 kwa 512 na lenzi ya milimita 35. Bei yake inaizidi yangu kwa mbali. Boksi la kwangu limeandikwa mita 900, la kwake mita 1800.

Sasa hiyo mita 900 maana yake nini. Pikseli za sensa hizi zote mbili zina ukubwa wa maikromita 12, na kuna hesabu ndogo ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya kwenye simu akiwa palepale kaunta: chukua 12, gawa kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali wa mita, unapata milimita ambazo pikseli moja inafunika kule mbali. Kwa lenzi ya 19 kwenye mita 900 unapata kama milimita 568, yaani pikseli moja inafunika zaidi ya nusu mita. Mtu mzima aliyesimama anakuwa pikseli tatu kwenda juu na kwa upana hajai hata moja. Nguruwe anakuwa pikseli mbili. Hiyo ndiyo wanayoiita umbali wa kugundua, maana yake kuna kitu cha moto kule, basi, ni nguruwe au ni mbwa au ni kulungu huwezi kujua. Kampuni hazidanganyi, ndivyo kipimo chenyewe kilivyo, mzizi wake ni kazi ya John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, tangu 1958: pikseli mbili hivi kugundua kwamba kitu kipo, kama nane kujua ni kitu cha aina gani, na kama kumi na tatu kukitambua sawasawa.

Chukua hizo nane umpimie nguruwe mwenye kimo cha sentimita 70. Kwa lenzi ya 19 unamjua hadi kama mita 140. Kwa lenzi ya 35 unamjua hadi kama mita 250. Hizo ndizo namba za kununulia themo ndugu zangu, na hakuna boksi linaloziandika kwa herufi kubwa. Na hapo ni hewa safi isiyo na ukungu.

Kuna kitu kingine hapo ambacho wauzaji hawakielezi vizuri. Angalia ile hesabu tena, hakuna mahali 640 wala 384 inaingia. Pikseli ni zilezile, lenzi ikiwa ileile basi nguruwe wa mita 200 anapata pikseli zilezile kwenye 384 na kwenye 640. Sensa kubwa inakupa upana. Kwa lenzi ya 35, sensa ya 384 inakuonyesha upana wa mita 13 tu kwa umbali wa mita 100, wakati 640 inakuonyesha karibu mita 22. Yangu yenye lenzi ya 19 inaonyesha mita 24. Kwa hiyo anayelipa mara mbili kwa ajili ya 640 akidhani ataona mbali zaidi, analipia upana, na upana ni kitu kizuri sana lakini ujue ndicho unacholipia. Hiyo 384 yenye lenzi ya 35 mimi simshauri anayeanza, ni kama kutafuta mbuzi kwa kuchungulia kwenye bomba, unazungusha mkono mpaka kichwa kinauma na kundi zima linaweza kupita pembeni hujaliona.

Basi inategemea unawinda wapi. Huku Texas mashariki ni miti na vichaka na vijito, mara nyingi hata mita 150 za uwazi hupati, na hapo Lynx LH19 inatosha kabisa, nasema hivyo kwa moyo wote, ni nyepesi, inaingia mfukoni, upana wake unaona ukingo wote wa msitu kwa kuzungusha mkono mara moja. Nikiwa kwenye kichaka siitamani ya mwenzangu hata kidogo. Ila tukienda kwenye mashamba ya wazi, mahindi yamevunwa, ardhi tambarare, hapo Falcon inaonyesha hela ilikoenda. Kwa mita 250 naona kwenye yake mgongo wenye nundu, pua ndefu, mkia, naona mama na watoto wake, wakati kwenye yangu naona madoa yanayotembea na inabidi nisogee. Kama unawinda kotekote na bajeti ni ya 384, tafuta lenzi ya 25, upana wake ni mita 18 na kumjua nguruwe ni hadi kama mita 180, ni katikati pazuri. Anayependa kampuni ya Pulsar, Axion 2 XG35 yao iko kundi la Falcon, sensa ya 640 kwa 480, pikseli za maikromita 12, lenzi ya 35, na betri yake inatoka unabadilisha, tofauti na Lynx ambayo betri iko ndani na ukienda usiku kucha unabeba pawabenki.

Kutambua ni jambo zito huku kwa sababu ya sheria pia. Nguruwe pori ni mnyama mharibifu, wako zaidi ya milioni 2 kwenye jimbo hili, wanalima shamba kwa pua usiku mmoja, na tangu 2019 ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na una ruhusa yake huhitaji hata leseni ya kuwinda. Lakini kulungu usiku hairuhusiwi. Na ndama wa ng'ombe aliyelala kwenye majani marefu, ukimwangalia kwa themo ya bei rahisi yenye sensa ya pikseli 256 kutoka mita 200, ni doa jeupe kama nguruwe tu, maana kwenye themo chenye joto ndicho kinachoonekana cheupe. Ndiyo maana 256 mimi naipendekeza kwa wa kuangalia mifugo yake zizini au kutafuta mnyama aliyejeruhiwa karibu, wa kuwinda ajikaze afike 384.

Kipimo kingine ni uwezo wa kutofautisha joto, wanaandika kwa milikelvini (sehemu ya elfu ya digrii moja), namba ikiwa ndogo ni bora. Usikidharau, kwa sababu karibu na Ghuba ya Mexico hewa ni nzito ya unyevu karibu mwaka mzima, na unyevu na ukungu vinakula picha kabisa, usiku wa mvua nyepesi unaweza kuona nusu ya umbali uliouzoea. Agosti kuna shida nyingine, ardhi na mawe vimekunywa jua mchana kutwa na vinaendelea kutoa joto mpaka usiku mkubwa, halafu nguruwe ametoka kugaagaa kwenye matope, ngozi imepoa, anaonekana mweusi kuliko majani! Anayeanza anatafuta kitu cheupe na mnyama kasimama mbele yake. Nguruwe wa hivyo wapo, zoea kuangalia umbo na mwendo, siyo weupe tu.

Madogo madogo ya haraka. Spidi ya picha chukua ya picha 50 kwa sekunde, zile za 9 mnyama akikimbia picha inarukaruka. Mwanga wa skrini punguza mpaka chini, ukiondoa jicho kwenye kifaa hutaki kuwa kipofu dakika nzima, na kuweka picha iwe ya rangi nyekundu kunasaidia macho. Kukuza kwa digito hakuongezi chochote, ni pikseli zilezile zimevutwa. Kioo cha gari kinazuia joto, usijaribu kuangalia shamba ukiwa ndani ya pikapu umefunga dirisha, utajiona mwenyewe tu. Ule mlio wa tik kila baada ya muda ni shata, kifuniko kidogo cha ndani, inasawazisha picha, siyo ubovu, na ukiwa karibu na wanyama unaweza kuiweka iwe ya mkono.

Kama hela imebaki baada ya kuchagua sensa na lenzi, weka kwenye kipima umbali cha leza, usiipeleke kwenye kurekodi video. Gizani kwenye themo umbali unapotea, sungura wa mita 40 na nguruwe wa mita 200 wanaweza kulingana ukubwa machoni, na leza inamaliza ubishi kwa sekunde moja.

Wale wa nyumbani wanaoniuliza niwaletee, hapana. Vifaa hivi viko chini ya sheria za Marekani za kusafirisha teknolojia nje, siyo kitu cha kuficha kwenye begi na kupanda ndege. Na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, Tanzania kuwinda usiku bila kibali ni kosa, kwa hiyo huko kifaa hiki mahali pake ni mikononi mwa askari wa wanyamapori, kama Maasai Mara ambako tangu 2016 kamera za joto zinatumika kuwakamata majangili usiku, na hiyo ni kazi nzuri kuliko yote ninayoijua ya teknolojia hii.

Ukienda dukani nenda jua likishazama, omba utoke nazo nje kwenye maegesho, mtafute paka au mtu anayetembea mbali, na zishike mbili za bei tofauti kwa zamu. Duka likikataa kukutolea nje nenda jingine.