Inveta niliyofunga kwenye jahazi langu, na nyaya walizoniuzia

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote mwenye chombo cha baharini asiinunue inveta hii, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nimekaa na hasira hiyo tangu kusi iliyopita, na ingawa sasa najua kwamba mashine yenyewe haina kosa, bado siwezi kulikumbuka duka lililoniuzia bila kifua kujaa.

Nina jahazi la tanga hapa Lamu, linalochukua wageni kwenda Manda Toto na Kiwayu kwa safari za kulala. Barafu tunayoibeba huyeyuka kabla ya siku ya pili, ndipo nikaamua kufunga friji ndogo, betri za volti 12, paneli mbili za sola juu ya paa la tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na inveta. Sikumtuma mtu. Nilivuka Mokowe, nikapanda basi hadi Mombasa, nikamweleza muuzaji kwa kinywa changu kwamba chombo ni cha mbao, kwamba betri ziko tezi, na kwamba friji iko mbele kidogo, mita 4 kutoka hapo. Akaniambia inveta ya wati 1000 inatosha, na katika hilo hakunidanganya. Nililipa zaidi ili nipate ile inayotoa wimbi safi, kama umeme wa nyumbani, kwa sababu zile za rahisi huifanya mota ya friji ingurume na kupata moto. Uamuzi huo siujutii hata leo. Kisha akakata nyaya mbili, mwekundu na mweusi, za milimita mraba 10, akazikunja akanipa. Hakuuliza swali hata moja, wala hakutaja fyuzi.

Usiku wa kwanza tulitia nanga Kiwayu. Kila friji ilipotaka kuamka, inveta ililia, taa nyekundu ikawaka, friji ikanyamaza. Ilikuwa hivyo mpaka alfajiri. Nilipofungua mlango, kamba niliowanunulia wageni walikuwa wameanza kunuka, nikawamwaga baharini huku wageni wenyewe wakinitazama. Mimi ni mtoto wa nahodha na mjukuu wa nahodha, na sijapata kuona haya chomboni mwangu kama asubuhi ile.

Nikairudisha Mombasa ikiwa ndani ya kasha lake. Muuzaji yule hakulifungua. Alikuwa na simu mkononi, hakuinua macho, akasema, "Mzee, hiyo ishaingia maji ya chumvi, hatuipokei." Nilimwomba aiunganishe na betri mbele yangu aone kama ina kosa. Ndipo akanijibu, wateja wengine wakisikia, "Nyinyi watu wa majahazi mnataka umeme wa nini? Si muwashe kandili?" Niliondoka bila kujibu, maana jibu lililokuwa kinywani lisingekuwa la mtu wa umri wangu.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa hapa anayetengeneza injini za boti za uvuvi. Alichomeka kipimo cha volti kwenye betri na kuniambia niwashe friji: betri volti 12, na kwenye inveta, mita 4 mbele, chini ya 11. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Akanieleza jambo ambalo duka zima halikunieleza, kwamba wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 80, ilhali kwa volti 240 ni ampia 4 na kidogo tu, na kwamba friji, hata ikiwa ndogo, huomba mara kadhaa ya umeme wake inapoamka. Waya wa betri ndio unaotakiwa uwe mfupi na mnene. Urefu uwekwe upande wa friji. Alipovua vichwa vya nyaya zangu, shaba ilikuwa imeota unga wa kijani, na ndani ya ala ilikuwa nyeusi kwa kiasi cha kidole kizima, nasi hatujamaliza hata msimu mmoja.

Tuliihamisha inveta kutoka karibu na ngama, pale chini maji yanapokusanyika chomboni, tukaifunga kwenye ubao wa tezi penye kivuli na upepo, mita moja na nusu kutoka kwenye betri, lakini si juu yake, kwa sababu ya hewa inayotoka betri zikichajiwa. Tukatia nyaya za milimita mraba 35, shaba iliyopakwa bati, na fyuzi ya ampia 150 kando ya betri. Tangu hapo haijalia. Huwa naizima tusipokuwa na kazi nayo, kwa sababu hula betri hata ikikaa bure.

Kwa hiyo nilikuwa nimeipa nyota moja, nikaona ni dhuluma, nikaipandisha hadi nne. Lakini kila nikiifikiria ile fyuzi ambayo sikupewa, mkono unakuwa mzito. Jahazi langu limekalafatiwa kwa pamba na mafuta. Waya mmoja ungechubuka ukagusana na mwenzake usiku ule Kiwayu, na wageni wamelala, betri zisingekuwa na kitu cha kuzikatiza. Muuzaji alijua kwamba chombo ni cha mbao, nilimwambia mwenyewe. Basi nyota nne ni za inveta, na nitanunua nyingine kama hii kwa ajili ya mashua ya mwanangu. Kwa watu wale sitoi hata moja. Nyaya zao nimezitundika ghalani, na anayetaka kununua umeme wa chombo aje nimwonyeshe ile shaba.