Mfuko wa turubai wenye picha ya Kijapani: mvua kwanza, wimbi mwisho

Mfuko wangu wa kwanza wenye picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, mchoraji wa Japani, niliununua kwa kuangalia picha kwenye simu. Ulipofika nikahesabu mashua: moja. Kwenye picha yenyewe ziko tatu, wapiga makasia wamejiinamia ndani, na bila wao lile wimbi ni pambo tu. Mchapaji alikata pande zote mbili ili picha ienee. Hokusai aliichora ya kulala, kama sentimita 25 kwa 37, na mfuko ni wa kusimama.

Tangu hapo naangalia umbo kwanza.

Namba moja kwangu ni mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi huko Tokyo, ya Hiroshige, mchoraji mwingine wa Japani, mwaka 1857. Ni ya kusimama, kwa hiyo inakaa mfukoni bila kukatwa: watu wanaharakisha darajani na miavuli yao, na chini mtu mmoja yuko peke yake mtoni, anasukuma chelezo kwa upondo. Mchoraji Mholanzi Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887. Kasheshe ni michirizi ya mvua. Ni myembamba kama uzi wa cherehani, na turubai la nyuzi nene huikatakata. Mwombe muuzaji picha ya karibu. Mvua ikionekana kama vumbi, achana nao.

Ya pili ni Fuji jekundu, picha ya Hokusai ya mlima Fuji. Rangi chache, zimetulia, hata chapa ya skrini ya kawaida (rangi hupitishwa kwenye wavu) inaiweza. Nayo ni ya kulala, ila kilele kimekaa upande wa kulia, kwa hiyo mkasi ukipita unaondoka na mteremko wa kushoto. Inavumilika.

Wimbi nimeliweka la tatu, najua mtanuna. Hata noti ya yen 1,000 ya Japani iliyotoka 2024 inalo. Ukilitaka, tafuta mfuko mpana, au ulioachiwa kitambaa kitupu juu na chini ya picha. Hesabu mashua. Halafu tazama kisanduku cha maandishi: kiwe juu kushoto. Kikiwa kulia, picha imegeuzwa kama kwenye kioo.

Bei? Hokusai alifariki 1849, Hiroshige 1858. Hakuna anayedai hakimiliki. Ukitozwa zaidi, iwe kwa ajili ya kitambaa na ushonaji. Turubai la aunsi 12 kwa yadi ya mraba, karibu gramu 400 kwa mita ya mraba, husimama lenyewe. La aunsi 6 ni fulana yenye mikanda. Mikanda iwe imeshonwa kwa mraba wenye alama ya X ndani. Papasa picha pia: ukihisi utando kama plastiki, itapasuka pale mfuko unapokunjwa. Ufuliwe kwa maji baridi, ndani nje.

Ule wa mashua moja bado ninao. Nabebea vitunguu.