eduroam chuoni: huduma nzuri inayoharibiwa na kuunganishwa kwa mkono

Kama chuo chako kimejiunga na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo vya nchi nyingi, hiyo ndiyo Wi-Fi ya kuishika kabla ya nyingine yoyote iliyopo kampasi. Hailipiwi vocha, haikurudishi kwenye ukurasa wa kuingia kila ukifunga laptopu, na mawimbi yake yamefungwa kwa usimbaji, tofauti na ile Wi-Fi ya wazi ya kantini. Inasikitisha kuona wanafunzi wengi wakijaribu mara mbili, ikigoma, wakarudi kwenye bando. Mara nyingi tatizo liko kwenye jinsi simu ilivyounganishwa.

Wazo la eduroam lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, mtandao wa elimu na utafiti wa Uholanzi, na leo inapatikana katika nchi zaidi ya 100. Nchini Kenya inasimamiwa na KENET, Tanzania na TERNET, Uganda na RENU, yaani mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo. Akaunti ni moja tu, ile ya chuo chako. Ukienda chuo kingine kwa kongamano, nywila yako haisomwi na wenyeji. Inasafiri ikiwa imefungwa hadi seva ya chuo chako, nayo inajibu upokelewe au ukataliwe. Kwa hiyo seva ya nyumbani ikizimika kwa kukatika umeme, utakataliwa hata ukiwa ugenini penye mawimbi kamili.

Hapo ndipo jina la kuingilia linapokuwa na uzito. Lazima liwe kamili, pamoja na alama ya @ na kikoa cha chuo, yaani anwani ya chuo inayofuata alama hiyo. Ukiandika namba ya usajili peke yake, huenda chuoni kwako ikakubali, lakini ukifika chuo kingine maombi yako hayajui yaelekezwe wapi. Angalia pia nafasi tupu mwishoni: kibodi ya simu huiongeza yenyewe inapokukamilishia neno, nawe huioni.

Usijaze mipangilio kwa mkono. Pakua programu ya geteduroam ukiwa na bando kidogo, tafuta jina la chuo chako, weka jina la kuingilia na nywila, basi. Yenyewe inaweka njia ya uthibitishaji, cheti cha usalama (kinachothibitisha kuwa seva ni ya chuo chako kweli) na jina la seva. Kwa Linux, tumia kisakinishi cha CAT, tovuti ya eduroam ya kuandaa mipangilio, cat.eduroam.org. Chuo chako kisipoonekana kwenye orodha, kitengo cha TEHAMA hakijaweka wasifu wake, yaani mipangilio ya chuo, huko. Waombeni waweke, kwa sababu kazi hiyo ikifanywa mara moja inawasaidia wanafunzi wote.

Cheti si pambo. Mtu yeyote anaweza kuwasha ruta na kuiita eduroam, na simu isiyokagua cheti inaweza kumkabidhi taarifa za akaunti yako, ileile inayofungua matokeo na barua pepe zako. Ndiyo sababu matoleo mapya ya Android, kuanzia 11, yaliondoa lile chaguo la kutokagua cheti, na maelekezo ya zamani yaliyobandikwa kwenye mbao za matangazo hayafanyi kazi tena. Kama simu inalalamikia cheti wakati mipangilio ni sahihi, kagua tarehe na saa: simu iliyorudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri kuisha kabisa huona cheti halali kuwa batili.

Usumbufu mkubwa huja baada ya kubadili nywila. Simu, laptopu na tableti huendelea kutuma ile ya zamani zenyewe, mara kwa mara, na vyuo vingi hufunga akaunti baada ya makosa machache. Unafunguliwa asubuhi, mchana umefungwa tena, unadhani kuna aliyeiba akaunti. Kabla ya kubadili, ondoa eduroam kwenye vifaa vyako vyote, kisha uunganishe upya kimoja kimoja.

Udhaifu ulio upande wa chuo nao upo. Kwenye ukumbi mkubwa wa mihadhara simu inaweza kukubaliwa kisha ikakwama kwenye kupata anwani ya IP (namba ambayo mtandao hukipa kila kifaa), au Windows ikajipa anwani inayoanza na 169.254. Maana yake mara nyingi ni kwamba anwani zimeisha: mtandao uliogawiwa kwa kipimo cha kawaida una anwani 254, na wanafunzi 200 wenye simu na laptopu wanahitaji 400. Kuzima na kuwasha Wi-Fi hakutasaidia. TEHAMA ndiyo inayopaswa kupanua. Ndani ya chumba chenye kifaa cha kurushia mawimbi, chagua bendi ya mawimbi ya GHz 5 kama laptopu inaruhusu, maana GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Hosteli ni habari nyingine. GHz 5 haipiti vizuri kwenye kuta za tofali, na kifaa kimoja cha koridoni hakitoshi vyumba vyote, kwa hiyo kazi nzito kama kupakua programu za maabara zifanyie maktaba.

Ukiripoti tatizo, toa saa kamili lilipotokea, jengo, jina la kuingilia na anwani ya MAC ya kifaa (namba inayokitambulisha kwenye Wi-Fi) kama simu inavyoionyesha kwa mtandao huo. Kwa hayo mtaalamu anaweza kukutafuta kwenye kumbukumbu za seva. Nywila haihitajiki, na usimpe hata akiiomba.