Old School RuneScape: gemu inayokupigisha kura, ila si kwa kila kitu

Natoa nyota nne kati ya tano, na nyota hizo si za gemu yenyewe. Ninachopima hapa ni namna kampuni ya Jagex, ya Cambridge kule Uingereza, inavyozungumza na wachezaji wa Old School RuneScape. Picha zake za kizamani na muziki wake tuviache kando. Nyota iliyopungua nitaonyesha ilikokwenda.

Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya mtandaoni ya kukuza ujuzi: unachimba madini, unavua samaki, unapika, unapigana na mabosi, yaani maadui wakubwa wa gemu. Inachezwa kwenye kompyuta na, tangu Oktoba 2018, kwenye simu kwa akaunti ileile. Sehemu ya bure ipo, lakini uanachama wa kulipia ndio unaofungua ramani yote, na ndio unaokupa haki ya kupiga kura.

Na kura ndiyo habari yenyewe. RuneScape ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Kuelekea mwisho wa 2007 kampuni ilianza kubana biashara huria kati ya wachezaji na kuondoa mapigano ya zamani ya Wilderness, eneo ambako wachezaji hushambuliana, ili kuwakomesha wauza dhahabu ya gemu waliokuwa wakilipia akaunti kwa kadi za benki za wizi. Sababu ilikuwa ya kweli, ila waliobanwa walikuwa pia wachezaji wa kawaida. Vyote viwili vilirudi Februari 2011, baada ya kura zaidi ya milioni moja ambazo asilimia 91 zilisema ndiyo. Novemba 2012 ukaletwa mfumo mpya wa mapigano, Evolution of Combat, na watu wengi wakafunga virago. Februari 2013 kampuni ikauliza swali lisilo la kawaida: turudishe gemu kama ilivyokuwa Agosti 2007? Nakala ya mwezi huo ilikuwa bado imehifadhiwa. Seva zilifunguliwa tarehe 22 Februari, na kura zilizopigwa zilizidi laki nne. Tangu hapo gemu hii haiongezi kitu kikubwa bila kuwauliza wanaoicheza.

Mzunguko wenyewe huenda hivi. Kwanza hutoka wazo, fupi tu. Kisha huja maelezo ya muundo, marefu, yenye namba: bosi ana damu kiasi gani, silaha mpya inapiga kwa kasi ipi, kitu adimu kinaanguka mara moja kwa kila vifo vingapi vya bosi. Wabunifu wenyewe, wafanyakazi wa Jagex wanaoitwa J-Mod, hukaa mbashara kujibu maswali. Maelezo hurekebishwa, wakati mwingine mara mbili tatu, ndipo kura hufunguliwa. Kinachopita hutengenezwa na kutolewa, halafu wiki zinazofuata huja marekebisho ya namba. Sehemu yenye faida kubwa kwa mchezaji ni ile ya kabla ya kura, kwa kuwa hapo namba bado ni za maandishi na kuzibadilisha hakugharimu chochote. Ukisubiri mpaka kitu kitoke ndipo ulalamike, umeshachelewa. Watu watakuwa wamekinunua kwa mamilioni ya sarafu, na kukipunguza nguvu ni kuwatia hasara.

Ili usome maelezo hayo kwa faida, jua vitu viwili. Cha kwanza ni tiki. Gemu nzima hupiga hatua kila baada ya sekunde 0.6, na hiyo ndiyo tiki moja. Silaha ya tiki nne hupiga kila sekunde 2.4, ya tiki tano kila sekunde 3. Ukiona wamependekeza kutoa tiki moja tu kwenye silaha ya tiki tano, usidhani ni jambo dogo: umeongezewa mapigo kwa robo nzima. Cha pili ni uwezekano. Ikiandikwa kuwa kitu huanguka mara 1 kwa 512, haina maana kwamba ukiua mara 512 utakuwa nacho. Uwezekano wa kuwa umekipata angalau kimoja baada ya vifo 512 ni kama asilimia 63. Wachezaji zaidi ya mmoja kati ya watatu watakuwa bado mikono mitupu. Pigia kura namba hiyo ukijiweka kwenye kundi hilo la pili.

Kupiga kura ni rahisi. Unaingia na akaunti ya mwanachama, unakwenda kwenye kibanda cha kura, vipo karibu na benki za miji mingi, unasoma swali na kuchagua ndiyo, hapana au ruka. Hilo la mwisho wengi hawalielewi. Kuruka hakuhesabiwi kabisa kwenye asilimia. Chukua watu 100: 60 wamesema ndiyo, 25 hapana, 15 wameruka. Hesabu ni 60 kwa 85, yaani asilimia 70.6, na swali limepita kwa kuwa kiwango ni asilimia 70. Hao 15 wangebonyeza hapana, ingekuwa asilimia 60 na swali limekufa. Kwa hiyo jambo lisilokuhusu liruke. Ukisema hapana kwa kutojali, unawanyima wenzako kitu ambacho wewe hata usingekigusa.

Kiwango cha kupita kilikuwa asilimia 75 kwa miaka mingi, na mwaka 2022 kikashushwa hadi 70. Asilimia tano zinaonekana chache mpaka utazame ujuzi mpya uliopendekezwa. Warding, ujuzi wa kutengeneza mavazi ya kichawi, uliandaliwa kwa maelezo marefu na michoro, ukapigiwa kura mwaka 2019 ukapata takriban asilimia 66. Ukaanguka, na kampuni ikauacha. Ubaharia, yaani Sailing, ambao zamani ulikuwa utani wa siku ya wajinga, ulipita mwaka 2023 kwa karibu asilimia 72, ukafanyiwa majaribio ya wazi na kutolewa tarehe 19 Novemba 2025. Kwa kiwango cha zamani usingepita. Sisemi kulikuwa na hila. Badiliko lilitangazwa mapema na sababu zikatolewa. Ila mchezaji ajue kuwa rula anaishika mwenye duka.

Naye ndiye anayeandika swali. Swali zuri hutenganisha: tuongeze bosi huyu? Tuongeze upinde wake? Tuongeze pete yake? Swali baya hufunga vyote kwenye gunia moja, ukitaka bosi lazima ubebe na pete. Jagex mara nyingi hutenganisha, na kwa hilo naipa sifa zake. Kasoro kubwa zaidi ya kura imejitokeza kwenye mambo ya walio wachache. Mapigano ya mchezaji kwa mchezaji hupendwa na sehemu ndogo ya jamii, na walio wengi, wanaovamiwa na kuporwa kule Wilderness, walikuwa wakiyapigia hapana kwa hasira tu. Mapendekezo mazuri yaliangushwa na watu wasiopigana kabisa. Baadaye kampuni ilianza kupitisha baadhi ya marekebisho ya aina hiyo bila kura, ikieleza tu inachofanya na kwa nini. Kuna watakaoita huo usaliti wa ahadi. Mimi naona ni haki, maana kura ya wengi juu ya jambo la wachache huishia kuwa rungu.

Sasa nyota iliyopungua. Mambo ya ndani ya gemu huulizwa kwa kura, lakini yanayogusa pesa na mamlaka ya kampuni hupita njia nyingine. Septemba 2021 mchezaji mmoja alikuwa karibu kutoa programu ya bure ya kupendezesha picha za gemu, kazi ya muda mrefu. Siku moja kabla, kampuni ikamtaka asiitoe. Wachezaji waliandamana ndani ya gemu, mji wa Falador ukajaa, na baada ya siku chache makubaliano yakafikiwa na programu ikaruhusiwa. Kosa halikuwa kuwa na mipango yake ya picha, hiyo ni haki yake. Kosa lilikuwa ukimya wa muda mrefu na kisha agizo la dakika za mwisho.

Januari 2025 likaja dodoso la uanachama. Baadhi ya wachezaji waliulizwa maoni kuhusu vifurushi vya bei tofauti, na kimojawapo cha chini kilikuwa na matangazo ya biashara ndani yake. Kelele zilikuwa kubwa, watu wakafuta uanachama, kampuni ikaomba radhi. Hapa mchezaji ajifunze kutofautisha kura na dodoso. Kura ina kiwango kilichotangazwa, kila mwanachama mwenye sifa anashiriki, na matokeo yanawekwa hadharani. Dodoso hutumwa kwa waliochaguliwa, halina kiwango, na matokeo hubaki mezani kwa waliolituma. Bosi mpya anapigiwa kura. Bei inapelekewa dodoso. Ukiletewa dodoso, jibu la bei andika kwa ukali wa mwenye mfuko wake, maana huna asilimia 70 ya kukulinda.

Ukilinganisha na wengine, bado Jagex iko mbele kwa kusikiliza. CCP ya Iceland, wenye gemu ya EVE Online, wana baraza la wachezaji linalochaguliwa tangu 2008; wajumbe hupelekwa Reykjavik na kuonyeshwa mipango kwa sharti la kutunza siri. Ni ushauri tu, hawana turufu, na siri hiyo huwafanya waonekane wamenunuliwa hata wakiwa wakweli. Lakini Juni 2011, duka la mavazi ya wahusika lilipoleta miwani ya jicho moja ya bei ya makumi ya dola na waraka wa ndani kuhusu kuuza vitu ukavuja, baraza hilohilo ndilo lililoitwa kwa dharura. Watu walikuwa wakilipiga risasi sanamu la Jita, kituo kikuu cha biashara ndani ya gemu, kwa hasira. Oktoba mkuu wa kampuni aliandika barua ya kuomba radhi.

Kwa kueleza tatizo likiwa linaendelea, hata hivyo, mwalimu ni Square Enix kwenye Final Fantasy XIV. Desemba 2021 seva zilifurika, foleni za kuingia zikawa za saa nyingi, watu wakitolewa nje kwa kosa namba 2002. Taarifa zao zilitaja namba ya kosa, zikaeleza linatokana na nini, zikasema mashine mpya zimechelewa kwa uhaba wa vipuri vya kielektroniki duniani, zikasimamisha uuzaji wa gemu kwa muda, na zikatoa siku 7 za bure kisha 14 nyingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kuna kampuni ya gemu za simu, siitaji, ambayo kila tiketi huijibu kwa sentensi zilezile tatu za kukushukuru. Funika kombe mwanaharamu apite.

Upande wetu wa Afrika Mashariki kuna mambo ya kuzoea. Apdeti za Old School hutoka Jumatano saa tano na nusu asubuhi (11:30) kwa saa za Uingereza, nao Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwetu, kipindi chao cha joto ni saa saba na nusu mchana. Kipindi cha baridi ni saa nane na nusu. EVE hufunga kila siku saa 11:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo ni saa nane mchana kwetu mwaka mzima, haibadiliki. Kwenye Old School saa ya kurudi nyuma hutokea pembeni ya skrini kabla seva hazijazimwa. Ukiiona, usianze pambano jipya, rudi benki. Maelezo yote ni ya Kiingereza, yamejaa vifupisho, na Kiswahili hakimo.

Ukiripoti hitilafu, weka saa kwa UTC, namba ya dunia, yaani seva, uliyokuwamo, jina la mhusika, kifaa na toleo la programu, halafu hatua kwa mpangilio: nilisimama hapa, nikabonyeza hiki, kikatokea hiki, nilitarajia kile. Picha moja ya skrini nzima inashinda aya tano. Usitangaze kwenye chati hitilafu inayozidisha vitu, na usiitumie hata kwa majaribio; wanaokamatwa hupoteza akaunti.

Jihadhari pia na wanaojifanya kampuni. J-Mod wa kweli ana taji la dhahabu mbele ya jina lake kwenye chati; taji la fedha ni la mchezaji msimamizi, si mfanyakazi. Hakuna anayekuuliza nywila. Matangazo ya mbashara yanayoahidi kukurudishia dhahabu yako mara mbili ni wizi, hata kama sura na sauti ni za mtu unayemjua.

Nyota nne, basi, ni za mwanachama anayelipa na kusoma maelezo kabla ya kura kufunguliwa. Kama unacheza sehemu ya bure, toa moja nyingine: kibandani huna kura.